Karanga za Kutambaa

Wanawake wa kwetu Bukima waliamini kwamba karanga haina baba. Ukimuuliza mama yangu kwa nini, alikuonyesha ua lenyewe: dogo, la njano, linafunguka alfajiri, na kabla jua halijawa kali limeshanyauka. Dume lake limepita saa ngapi? Baadaye kinatokea kile kijiti tulichokiita sindano, kinainama, kinajichoma ardhini, na mtoto anakulia huko huko gizani. Basi mbegu ya karanga ilikuwa mali ya mama. Ng'ombe walikuwa wa baba, ukoo ulikuwa wa baba, hata mtumbwi ulikuwa wa baba. Karanga zilitoka kwa bibi zikaja kwa mama, na kutoka kwa mama zikaenda kwa binti siku anayoolewa, ndani ya kibuyu chenye shingo nyembamba.

Mimi nilikua nalijua jambo hilo kama ninavyolijua jina langu. Ndiyo maana, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimevaa kaptura ya kaki ya serikali na kujiona msomi, nilifanya kosa ambalo mgeni asingeweza kulifanya. Lilikaribia kumharibia mdogo wangu ndoa yake.

Siku hizo za Mwingereza nilikuwa msaidizi katika shamba dogo la majaribio upande wa Bunda. Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, shingo imeiva kwa jua. Sisi tulimwita Bwana Kilimo. Kiswahili chake kilimtosha kutoa amri, lakini akianza kusimulia mambo ya mimea kilimwishia, akawa anachuchumaa na kuchora chini kwa kijiti. Msimu wangu wa kwanza alitaka kila mmoja wetu alete mbegu za kwao. Nikaenda nyumbani, nikaleta konzi mbili za karanga za mama.

Karanga za mama zilikuwa za kutambaa. Matawi yalilala chini pande zote, yakafunika udongo kama mkeka, na maua yalitoka kwenye matawi hayo tu. Tena si kwenye kila kifundo. Tawi lilitoa vifundo viwili vya majani, kisha viwili vya maua, kisha tena vya majani, halikuwa na haraka. Shina la katikati halikutoa ua hata moja. Zilichelewa sana kukomaa, lakini zikishakomaa ungeweza kuziacha ardhini, mvua ikanyesha juu yake, na zisiote. Mama alizisifia kwa hilo. Alisema zinajua kungoja mwenyewe arudi.

Bwana Kilimo alikuwa na zake, zilizoletwa kwa lori, za kusimama. Hizo zilikuwa wima, matawi machache, na maua yalitoka mfululizo, kifundo kwa kifundo, mpaka juu ya shina lenyewe. Ziliwahi kukomaa kwa zaidi ya mwezi. Ulishika shina ukavuta, karanga zote zikatoka zimekusanyika chini yake. Lakini ukichelewa siku chache na mvua ikanyesha, ziliota ndani ya maganda yake na kazi yako ikawa bure. Yeye alitaka mmea mmoja wenye wepesi wa hizi na subira ya zile. Kwa hiyo tukawa wakunga wa karanga.

Hilo jina tulipewa na vijana wa mjini Bunda, wale mafundi wa baiskeli na cherehani waliokuwa wakikaa kibarazani. Waliniuliza kila nikipita, bibi harusi anaendeleaje. Niliwajibu kwa hasira, maana nilikuwa na hasira za karibu, na wao wakacheka zaidi. Lakini kazi yenyewe niliipenda. Jioni nilipiga magoti nikatafuta tumba la ua ambalo lingefunguka kesho, nikalipasua taratibu kwa kibano, nikatoa zile nyuzi za kiume kabla hazijakomaa. Alfajiri nilirudi na ua lililochumwa kwenye karanga ya kusimama, nikapaka unga wake wa njano pale, nikafunga uzi mwekundu. Mikono yangu ilikuwa imezoea kushona nyavu za baba, kwa hiyo nilikosea mara chache kuliko wenzangu. Ua moja, ukijaliwa, lilikupa ganda moja. Msimu mzima wa kupiga magoti ulitupa mbegu za kujaza kikombe cha chai kwa shida.

Tulizipanda msimu uliofuata. Nilitarajia kuona vitu vya nusu kwa nusu, mmea uliosimama upande mmoja na kulala upande wa pili. Havikuwapo. Zote zilitambaa. Zote zilichelewa. Nilipita mstari baada ya mstari nikifunua majani, nikitafuta hata ua moja kwenye shina la katikati, sikuliona. Nilifurahi sana, nawaambia kweli. Niliona wanawake wa Bukima wamemshinda Mzungu na kibano chake. Nikamwendea nikamwambia kwamba baba hana lake, watoto wote ni wa mama.

Akachuchumaa, akachora. Nakumbuka maneno yake kwa sababu yalikuwa machache.

"Baba iko ndani," alisema. "Nalala. Ngoja wajukuu."

Nikasema ndiyo Bwana, kama mtu anavyomwitikia mkubwa wake, na moyoni nikakataa.

Tulipovuna, mbegu za mimea ile tuliziweka kwenye mfuko wa kitambaa, tukautundika ghalani. Zile za mama zenyewe, mstari wake safi, zilifungwa zikapelekwa kwa lori kwenye shamba jingine la mbali. Halafu mvua ikakatika. Mwaka ule mihogo ilikauka ikiwa midogo kama vidole, na mimi nikashikwa na homa mbaya, nikapewa ruhusa ya kwenda kuugulia nyumbani. Nililala Bukima wiki nyingi. Sikumbuki mengi, ila nakumbuka uji wa karanga. Mama alinipa kila asubuhi, mzito, wa moto, na nilipoanza kupata nguvu nilikuwa nikiomba bakuli la pili. Sikuuliza unatoka wapi. Mgonjwa wa kiume akiwa kwa mama yake hana haya.

Nilipona, nikarudi Bunda. Mvua zikarudi pia, na posa ya mdogo wangu, iliyokuwa imengoja njaa ipite, ikafika. Alikuwa anaolewa Butiama, kwa watu wakulima, wastaarabu, wanaojua mambo yao. Baba alishughulika na ng'ombe. Mama aliniita pembeni ya nyumba akaniambia hana mbegu ya kujaza kibuyu. Panya wamemaliza, alisema.

Inabidi nieleze kibuyu kile kilikuwa na uzito gani. Bibi harusi alizipanda mbegu zake peke yake, kwenye kishamba alichopewa na mama mkwe. Mpaka hapo alikuwa anapika kwenye jiko la mkwe wake, kama mgeni. Siku ua la kwanza linapofunguka, mama mkwe alifika asubuhi na wanawake wa mji ule, bibi harusi akafunua majani, wakatazama. Wakiridhika kwamba ni mbegu kweli ya mama yake, ya aina moja tangu mwanzo wa mstari mpaka mwisho, anapewa mafiga yake na kuwasha moto wake. Zikionekana za mchanganyiko, maana yake zimeokotwa sokoni, na mama aliyemwoza binti kwa mbegu za sokoni ameshindwa kulinda nyumba. Binti anarudishwa kwao na kibuyu mkononi. Wengine walirudi tena kwa mume, wengine hawakurudi. Kuomba kwa jirani pale Bukima kulikuwa sawa na kutangaza kanisani.

Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, karanga zake ninazo. Nilikuwa nazo, niliamini hivyo. Mimea niliiona kwa macho yangu ikitambaa. Nikaingia ghalani Bunda, nikateremsha mfuko, nikamimina nusu yake ndani ya kibuyu, na kwenye daftari la serikali nikaandika kwamba zimeliwa na panya. Panya wa nchi ile walisingiziwa mengi mwaka ule.

Mdogo wangu akaolewa. Alikuwa msichana mcheshi, mwenye maneno mengi kuliko mimi, na aliondoka nyumbani amekishika kibuyu kifuani kana kwamba kina maziwa yatakayomwagika.

Alirudi nacho baada ya miezi miwili na nusu. Mimi nilikuwa nimefika Bukima kwa likizo ya wiki moja, nikamwona anakuja njiani na shemeji mmoja wa kumsindikiza, hacheki, hasemi. Yule shemeji alisalimia kwa heshima zote, akatoa ujumbe: ua la kwanza limetazamwa, na mama mkwe anaomba wazazi waende waeleze. Mdogo wangu alimwambia mama mbele yangu kwamba shamba lake limeota vitu vya kila namna. Nyingi zinatambaa, lakini kati yake kuna zilizosimama wima kama askari, zina maua juu ya shina, na zilichanua kabla ya wenzake. Wanawake walicheka. Alimuuliza mama kwa nini alimfanyia vile.

Mama alinitazama mara moja tu. Kisha akamjibu binti yake kwamba ni kosa lake mwenyewe, alichanganya ghalani, uzee umeanza.

Nami nikanyamaza. Nikieleza mambo yangu huwa napenda kujifanya mtu wa kusema ukweli papo kwa papo, lakini siku ile nilinyamaza. Niliyaona yale maandishi yangu daftarini, nikaona kaptura inavuliwa. Na niliona kitu kingine kilichoniuma zaidi: wajukuu wametokea, sawasawa na michoro ya yule Mzungu. Siku mbili nzima nilimwona mdogo wangu akiteka maji, akisaga, akimpitia mama bila kumsemesha, na mama akiosha vyombo. Siku ya tatu niliwaita pembeni ya nyumba. Nikawaambia wote wawili ukweli wa mfuko wa ghalani. Mdogo wangu alinisikiliza, akaniita mjinga, tena mara mbili, na alikuwa na haki. Lakini bado hakumsemesha mama. Alitaka kujua mbegu yenyewe ya nyumbani ilikwenda wapi mpaka zikahitajika za serikali. Nikamwambia ni panya.

Tulikwenda Butiama sisi watatu, kipande kwa miguu na kipande juu ya lori la mfanyabiashara wa Bunda lililokwenda kuchukua pamba. Mama mkwe alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amekaa kwenye kigoda, anapepeta mtama. Alitukaribisha vizuri mno, na hilo lilinitisha. Nikaomba twende shambani kwanza. Nilijua nikibaki kwenye kiti nitaanza kutafuta maneno ya kujipamba.

Pale shambani nikapiga magoti kama nilivyozoea. Nilipita mistari yote nikizihesabu, nikifunga ukindu kwenye kila iliyosimama, ili wote tuone. Hazikufika nusu, hata karibu na nusu. Zilizotambaa zilikuwa nyingi zaidi. Nikamweleza mkwe yule kila kitu: kibano, uzi mwekundu, unga wa njano, mfuko ghalani. Nikamwambia mbegu alizopanda mke wa mwanawe ni wajukuu wa karanga za mama yangu. Watoto wa kwanza walifanana na mama yao wote, baba akalala ndani yao, na sasa kwa wajukuu baadhi ameamka. Nikasema binti hakuokota sokoni, na mama hakuchanganya. Mwizi ni mimi.

Akainama, akafunua mmea mmoja uliosimama, akalitazama lile ua juu ya shina kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

"Kwa hiyo karanga inakuwaga na baba," alisema.

"Inaye, mama."

"Na sisi wote hatukumjua." Akatikisa kichwa, karibu acheke. Kisha akanyanyuka, akamgeukia mama yangu, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu anayeuliza kitu anachokihitaji. "Mkwe wangu, na zile za kwako mwenyewe ziko wapi?"

Nikadakia kwamba zililiwa na panya.

"Hakuna panya," mama akasema. "Nilizipika. Huyu alikuwa na homa, kila kitu alikuwaga anatapika, isipokuwa uji wa karanga. Nilianza na konzi moja, nikasema nitaishia hapo. Kesho yake akaomba tena. Kibuyu kikaisha."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilikuwa na kibano cha serikali mfukoni na nilikuwa nimeeleza baba wa karanga, babu wa karanga na wajukuu wake, na sikujua kwamba nimezila mwenyewe, bakuli kwa bakuli, nikiomba la pili. Mdogo wangu alikaa chini pale pale katikati ya mistari, akamshika mama miguu, akalia kwa sauti. Mama akawa anamwambia anyamaze, watu wataona.

Mama mkwe alikung'uta udongo mikononi. Aliondoka akatuacha shambani, na mimi nikadhani yamekwisha. Tulipofuata nyuma yake tulimkuta ameinama kando ya kibanda kipya cha mwanawe, anapanga mafiga matatu, anayatikisa moja moja kuona kama yamekaa imara. Akamwita mdogo wangu aje awashe moto. Alivyokuwa akipuliza, mkwe wake akampa masharti: zile zilizosimama azing'oe zote zikishakomaa kidogo, wazichemshe wale, zilizotambaa ziachwe mpaka mwisho. Nikaona ni wajibu wangu kumwambia kwamba hata kati ya zinazotambaa ziko ambazo baba bado amelala ndani, na mwakani zitatoa tena za kusimama.

"Basi mwakani tutang'oa tena," alinijibu. "Na mwaka wa mbele. Sisi tunalima kila mwaka, mwanangu, au nyie wa serikali mnapumzika?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Nilirudi Bunda nikamwambia Bwana Kilimo kwamba panya alikuwa mimi. Alibadilika rangi mpaka masikio. Alinikemea kwa Kiingereza kwa muda mrefu, na mengi sikuyapata, ila nilipata ya kutosha. Aliniondoa kwenye karanga, akanipeleka kwenye pamba kwa mwaka mzima, na kile cheo nilichokuwa nikikisubiri akapewa mwenzangu. Nilikuwa nimefika mlangoni kutoka aliponiita tena.

"Nahesabu?" aliuliza. "Wajukuu?"

Nikamwambia nimezihesabu zote, mstari kwa mstari. Akavuta kiti, akachukua kalamu, akaniambia nikae.

Zilizotambaa zilikomaa polepole kama desturi yake. Mdogo wangu alikuwa na ujauzito wakati huo, kwa hiyo aliyezileta Bukima ni mama mkwe mwenyewe. Mimi nilikuwapo, nimekuja na kilo ya sukari kutoka duka la mtaa wa Kitaji, mjini. Mkwe yule alishuka kwenye lori na vumbi mpaka kope, amebeba kibuyu chetu kile kile, na kwapani ana mfuko mkubwa wa gunia ulioshonwa mdomo. Alikunywa maji, akauliza habari za wote, hata za kuku. Ndipo akavisogeza vyote viwili mbele ya mama.

"Hizi za kibuyu tumezichagua mimi na binti yako, ni za kupanda," alisema. "Hizi za gunia ni za kupika. Mtoto akiugua, uanze na gunia."

Mama alipokea gunia kwanza, kwa mikono miwili, akalipakata magotini kabla hajakigusa kibuyu.